Msichana wa Safu ya Katikati

Nilipofika Mutsamudu watu walinishuku kabla sijafungua kinywa, na nilipokifungua wakanishuku zaidi. Nilizaliwa Unguja kwa wazazi wa Kingazija, nikasomea ualimu huko, kisha nikavuka kwenda Moroni kuishi na shangazi yangu. Nilifundisha Moroni kwa muda, halafu nikahamishiwa Mutsamudu, mji wa Nzwani: kisiwa kingine, lahaja nyingine. Kila neno langu lilitangaza kwamba mimi si wa pale. Miaka ile mtu aliyetoka Moroni alihesabiwa kuwa ametumwa. Kilichobaki ni kujua ametumwa kuchungulia nini. Mwenye duka akiniona mlangoni alikatiza mazungumzo na kuuliza habari za mvua. Mama aliyenipangisha chumba aliisifu serikali kila asubuhi bila kuulizwa, kwa sauti ya kufika barabarani.

Naomba nieleze kidogo hali ilivyokuwa, kwa sababu waliozaliwa baadaye huambiwa miaka ile ilikuwa mibaya mitupu au mizuri mitupu. Uhuru ulikuwa mchanga. Wafaransa walikuwa wameondoka na walimu wao, na fedha za kuwalipa waliobaki zikakauka. Kiongozi aliyeshika nchi baada ya hapo aliwaamini vijana kuliko wazee. Wanafunzi wa sekondari walipewa kamati za mitaa. Arusi kubwa, zile za kumaliza akiba ya maisha, zilipigwa marufuku. Wanawake waliambiwa wafunue nyuso. Wazee waliokuwa wakipishwa njia walivuliwa heshima zao, na waganga wa majini walinyolewa vichwa na kutembezwa mjini. Lakini ndani ya hayo yote palikuwa na neno moja ambalo nililipenda na bado nalipenda: kila mtoto asome, tena aanze kwa lugha ya nyumbani kwao. Neno hilo ndilo lililonipeleka Mutsamudu, wala si jingine, ingawa hakuna aliyenisadiki.

Shule yetu ilikuwa juu kidogo ya bandari. Ukifungua madirisha ya darasa la tatu ulisikia wapagazi wakibishana juu ya magunia. Watoto walikuwa wengi na madawati machache, kwa hiyo masomo mengi yalikwenda kwa kuitikia pamoja: nasema mimi, wanasema wao. Ni njia ya zamani, imetoka chuoni kwenye Kurani, na mwalimu mchovu huipenda kwa sababu darasa zima linaonekana linajua.

Katika safu ya katikati alikaa msichana wa miaka kumi hivi, mjukuu wa mzee mmoja aliyefundisha Kurani mjini kwa miaka mingi na ambaye kamati ilikuwa imemfungia chuo chake. Mtoto alikuwa nadhifu. Maandishi yake yalikuwa mazuri kuliko ya mtu yeyote darasani, na nikisema ya mtu yeyote najitia na mimi. Wenzake wakiitikia, midomo yake ilikwenda sawasawa na yao. Lakini alikuwa akicheka nyuma ya wengine kidogo, kama mtu anayengoja ruhusa, na kabla ya kufunua ukurasa alimtazama jirani yake. Nikadhani ananakili. Nikaanza kumwangalia, naye akajua kwamba ninamwangalia, na tukakaa hivyo majuma kadhaa, mimi nikimvizia yeye na yeye akinivizia mimi.

Mkuu wa kamati ya mtaa wetu alikuwa kijana ambaye muda si mrefu kabla ya hapo alikuwa mwanafunzi mwenyewe. Hakuwa katili. Alikuwa na shaka moja tu iliyomnyima usingizi: kwamba wakati wa kiapo cha asubuhi, kile cha maswali na majibu ya mapinduzi, watoto wa majumba makubwa walikuwa wakifungua midomo bila kutoa sauti, kama walivyofundishwa na wazee wao. Siku moja akaingia darasani kwangu na kuamuru kila mtoto ajibu peke yake.

Alipita kati ya madawati, akisimama nyuma ya kila mmoja. "Nchi ni ya nani?" Mtoto akasimama: "Ni ya anayeilima." Akaenda hivyo hadi safu ya katikati. Akauliza nyuma ya yule msichana, naye akaendelea kutazama ubao. Akauliza tena. Jirani yake akamsukuma kwa kiwiko. Msichana akasimama, akaona macho yote yako kwake, na kijana naye akazunguka mbele, ameinua kidole.

Sasa, kidole kile ndicho kilichoharibu mambo. Chuoni, mwalimu akikuinulia kidole, maana yake ni anza kusoma. Mtoto akaanza. Alisoma sura fupi, mwanzo hadi mwisho, haraka, kwa sauti isiyopanda wala kushuka, kisha akaketi kwa utulivu wa mtu aliyejibu vizuri. Darasa likaangua kicheko. Kijana hakucheka. Akamwuliza nani amemfundisha kujibu hivyo, lakini mtoto alikuwa amekwisha kurudisha macho ubaoni.

Mlangoni aliniambia neno lake la mwisho. Jumamosi mtoto aje uwanjani pamoja na babu yake. Kama hatajibu kama wenzake, atachapwa mbele ya watu, na mzee atanyolewa na kubebeshwa mawe ya barabara. "Na wewe, Fundi," akaongeza, kwani huko mwalimu huitwa fundi, awe wa Kurani au wa hesabu, "nitataka kujua kwa nini hukuliona hili mapema."

Nilikwenda nyumbani kwao alasiri ile ile. Majumba ya mji mkongwe yamebanana, vichochoro havipitishi punda na mzigo wake, na kila dirisha lina mtu nyuma yake. Nilijua kwamba nikibisha pale, mtaa mzima utakuwa umehesabu nimebisha mara ngapi. Nikabisha. Mlango ulikuwa na ufa, na kupitia ufa ule nilimwona msichana ameketi ndani hatua chache tu kutoka kwangu, amenipa mgongo, anachambua mchele. Nikabisha kwa nguvu zaidi. Hakutikisika. Nikasukuma mlango polepole, na mwanga wa nje ulipoangukia ungo wake, papo hapo akageuka, akainuka, akanipa ile kwezi, salamu ya mtoto kwa mkubwa, kwa adabu kamili.

Nilisimama pale na majuma yote ya kuviziana yakajipanga upya kichwani. Hakuwa ananakili. Alikuwa anasikia kwa macho.

Mama yake alishuka, na nyuma yake babu, baba wa mama huyo. Nililetewa kiti na chai, maana hata mpelelezi ni mgeni. Mzee hakuningoja nieleze. Alisema habari za darasani zimemfikia, na kwamba yeye ndiye aliyemkataza mjukuu wake kujibu.

"Mwambie hivyo kijana wako," akasema.

"Si kijana wangu, Bakoko." Ndivyo wanavyomwita babu.

"Mmeletwa na upepo mmoja."

Nikasema, kwa upole niwezao, kwamba mtoto hasikii. Mama akaenda kuufunga mlango wa barabarani. Mzee akanywa chai yake, akasema mtoto anasikia anapotaka.

"Baba," mama akasema. Akalisema neno hilo moja tu, na mzee akaweka kikombe chini.

Basi mama akanisimulia. Mtoto alisikia na kusema kama wengine hadi alipopata homa kali akiwa na miaka mitano. Alipopona, masikio hayakurudi. Walimpeleka kwa mganga wa majini, na hilo aliniambia akinitazama sana, kwa kuwa sasa lilikuwa kosa. Halikusaidia. Babu yake ndipo alipompeleka chuoni kwake na kumweka katikati ya safu, kwa sababu mtoto wa pembeni husikika na wa katikati humezwa na wenzake. Alimfundisha herufi kwa kidole na midomo kwa midomo. Alipofikia kuhitimu msahafu, alisomeshwa pamoja na binamu zake wawili, sauti zao zikaifunika yake, mtaa ukala pilau na kumwombea dua. Hakuna aliyejua.

Nikauliza kwa nini isijulikane. Niliuliza kwa ujinga, maana mimi si wa pale. Mama akaelekeza macho darini. Dada yake huyu mzee, akasema, alikuwa bubu. Aliishi chumba cha juu tangu utoto mpaka alipobebwa kwenda kuzikwa, na majirani wengi walijua siku hiyo ya maziko tu kwamba alikuwepo. Hakupigwa wala kunyimwa chakula. Alihurumiwa.

"Sasa fikiri na wewe, Fundi," akasema. "Wakimwona mkaidi, watampiga, kesho atarudi darasani. Wakimwona kiziwi, watamhurumia, na hatarudi tena."

Nimefundisha miaka mingi tangu siku ile na sijasikia jambo hili likisemwa kwa uwazi zaidi. Mzee alikuwa tayari kunyolewa na kubeba mawe ili mjukuu wake aonekane mkaidi.

Niliwaeleza nilivyoona mimi. Kiapo kitaulizwa tena mwezi ujao, na mwezi wa pili, na mzee ana kichwa kimoja tu cha kunyolewa. Lakini kama ukweli ukisemwa, na usemwe na wao, nitamfundisha nikiwa nimemtazama usoni, na nitaomba abaki. Mzee aliuliza swali ambalo ningeliuliza mimi kama ningekuwa yeye: "Na wewe ukirudishwa Moroni?"

"Sina jibu, Bakoko," nikasema.

Nadhani lilikuwa neno langu la kwanza alilolisadiki. Hata hivyo hakusema ndiyo. Nilitoka bila kujua wataamua nini, na siku zilizofuata zilikuwa nzito. Kijana wa kamati alikuwa amekwisha kupata habari kwamba nilinywa chai nyumba ile, akaniuliza ilikuwa na sukari kiasi gani. Mimi nilihofu kwamba watamtorosha mtoto shambani. Wao, nilikuja kujua, walihofu kwamba nimekwisha kuwasemea. Mtoto peke yake ndiye aliyeacha kunishuku. Nilikuwa nimeanza kusema nikielekea upande wake, naye akaanza kucheka pamoja na wenzake.

Jumamosi uwanja wa shule ulijaa. Mzee alikuja na mjukuu wake, amevaa kanzu ya kawaida na kofia. Tulipodhani ndio wote, akaingia mama. Tangu amri ya kufunua nyuso, wanawake wengi wa majumba yale hawakuwa wakitoka. Waliona heri wakae ndani. Alikuja amejitanda shiromani, ile nguo ya wanawake wa Nzwani, nyekundu na nyeupe, amebana upindo kwa vidole mbele ya mdomo hata yakabaki macho tu. Vijana wa kamati wakaanza kunong'onezana. Mmoja akamwita shangazi wa zamani za kale.

Akasimama mbele ya binti yake. Akaiachia shiromani ikamwangukia mabegani, uso wote ukawa nje.

Vijana wakapiga makofi. Waliona amri yao imefuata njia mpaka ndani ya nyumba ngumu kuliko zote. Mama hakuwatazama. Alikuwa akimtazama mtoto, na mtoto akiutazama mdomo wake, na ndipo nilipotambua kwamba nguo ile haikushuka kwa ajili ya kamati.

"Nchi ni ya nani?" akamwuliza, taratibu.

"Ni ya anayeilima," mtoto akasema. Sauti ilikuwa ile ile bapa, lakini kila silabi ilikuwa mahali pake.

Mama akawageukia watu. Alisema mwanawe hasikii tangu homa ya utotoni. Anayetaka kumwuliza jambo asimame mbele yake. Ukapita mnong'ono. Bibi mmoja nyuma akauliza kwa sauti, na ile hitima ya msahafu wake tuliyokula? Mzee akamjibu mwenyewe kwamba mtoto aliijua kila herufi, na asiyeamini alete msahafu. Hakuna aliyeleta.

Kijana wa kamati hakuwa mtu wa kuridhika upesi. Alisema huenda ni mchezo wa familia. Akaziba mdomo kwa kiganja na kuuliza. Mtoto akamtazama mkono, kisha akamtazama mama yake, akainua mabega. Kijana akaenda nyuma yake na kumwita jina. Akapiga makofi karibu na kisogo chake. Hatimaye akarudi mbele, na uso wake ukawa umelainika, nami nikaogopa kuliko alipokuwa amekasirika.

"Basi, maskini, akapumzike nyumbani," akasema. "Mapinduzi hayamtesi mgonjwa."

Mama alinitazama. Alikuwa amekwisha kunionya.

Nikasema kwamba neno la serikali ni kila mtoto asome, na sikulisikia likisema kila mtoto anayesikia. Nikasema nipewe hadi mwisho wa muhula, na kama mtoto hatakwenda sambamba na wenzake, nitolewe na mimi. Kijana akafikiri. Alikuwa na umati mbele yake, na neno lile lilikuwa limeandikwa kwa chokaa kwenye ukuta nyuma ya mgongo wake. Akakubali, kwa sharti kwamba yeye mwenyewe atakuja kukaa nyuma ya darasa kila asubuhi, maana bado ananusa kitu.

Alikaa kweli. Sijawahi kuwa na mkaguzi mwenye bidii kiasi kile. Kama wewe ni mwalimu kijana na umeletewa mtoto wa namna hii, nikuambie kwamba sikuwa na elimu yoyote maalumu ya viziwi. Nilikuwa na watoto wengine darasani, na wao ndio waliofanya kazi kubwa. Nilimhamishia mbele, nikajifunza kuandika kwanza na kusema baadaye, nisiuambie ubao kilichowahusu watu. Mengine waliyatunga wao. Mkono shavuni maana yake hadithi. Vidole viwili mezani maana yake hesabu. Kwa jina langu walikuwa na ishara ambayo hawakunifafanulia, nami nikaonelea nisiulize. Kijana aliziona ishara zile, akaniuliza kwa ukali kama ni lugha ya siri ya wapinga mapinduzi. Nikamwambia akawaulize watoto. Akauliza. Walimfundisha ile ya hesabu kwa makosa ya makusudi, akaitumia siku nzima kwa fahari, na darasa likawa na furaha ambayo hakuielewa.

Mwisho wa muhula mtoto hakuwa wa kwanza wala wa mwisho. Imla ilimsumbua, hesabu alizimudu. Kijana akasema shaka yake haijaisha, ila anaiahirisha.

Kisha serikali ile ikaangushwa. Wengine wamesimulia jinsi, nami sitaongeza. Kamati zilitoweka kwa asubuhi moja, kijana akawa haonekani, wazee wakatoa majoho sandukuni, na walimu wa enzi ile tukaambiwa turudi makwetu. Nilikwenda kuaga. Mzee alikuwa amefunguliwa chuo chake. Hakunikumbusha swali lake, akaniombea safari njema tu, nami niliposhuka bandarini nilijua kwamba lile alilolihofia, mimi kurudishwa Moroni, sasa limetimia. Tena mkuu mpya wa shule alikuwa muungwana, mwenye huruma nyingi.

Muda ulipita. Nilikuwa nikifundisha Moroni na kukaa kwa shangazi, Vouvouni, nje kidogo ya mji, na kila aliyetoka Nzwani nilitaka kumwuliza nikaogopa. Ndipo mama yule akaja Moroni kwa arusi kubwa ya jamaa yao, kwani arusi zilikuwa zimerudi na deni lake, akaulizia mpaka akafika mlangoni kwetu. Alikuwa amejitanda shiromani kama zamani. Alipoketi akaishusha, kwa mazoea.

Alinisimulia kwa mpango, bila haraka. Mkuu mpya alikuwa amekwenda nyumbani, amekunywa chai, amesema kwa maneno mazuri kwamba msichana mkubwa mwenye udhuru afadhali astarehe. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamjibu kwamba nyumbani hapana nafasi, kile chumba cha juu amempangisha karani wa bandarini, na karani amelipa mwaka mzima. Mkuu hakujua ahurumie nini tena. Mtoto akabaki shule.

Nilitaka kusadiki, lakini miaka ile ilikuwa imenizoesha kutafuta kilichofichwa. Nikamwuliza kama anakaa darasani kweli, au amewekwa pembeni tu, kwa jina. Nikamwuliza kama mwalimu mpya anamtazama akisema. Mama akasema mwalimu mpya ni mkali, haamini mtu, na juma lililopita tu alimsimamisha nje ya mlango kutwa nzima, yeye na msichana mwingine.

Nikauliza amekosa nini.

"Walikuwa wakipiga soga," akasema. "Kwa mikono, chini ya dawati. Mwalimu akawakamata."

"Ukaenda kulalamika?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jambo la ajabu.

"Nilalamike nini, Fundi? Si walikuwa wanapiga soga?"